Hofu ya kiti cha meno kwa sisi tuliokunywa maji ya Meru

Mtu aliyekulia Arumeru hahitaji kutaja kwao anapofika Dar es Salaam, kwa sababu akicheka tu wenyeji wake wameshajua. Meno yetu yana rangi ya kahawia, mengine yana mistari, mengine yamechimbika vishimo, na wenzetu wa mikoa mingine wamezoea kututania kwamba kwetu miswaki haijafika. Mimi nimekulia jirani na Maji ya Chai, siku hizi ninaishi na kufanya kazi Arusha mjini, na kila ninaposikia habari za afya ya kinywa zikitolewa redioni huwa zinaelezwa kana kwamba kinachowakwamisha watu ni uvivu wa kupiga mswaki na woga wa sindano basi. Kwetu kuna aibu pia. Mtu anayeamini kwamba daktari atamwona mchafu mara tu atakapofungua kinywa haendi hospitali mpaka maumivu yamshinde, na kwa kuwa anafika akiwa amechelewa, hofu yake hupata sababu ya kweli ambayo mwanzoni haikuwapo.

Rangi hiyo haitokani na uchafu, wala si kuoza. Maji yanayoshuka kutoka Mlima Meru hupita katika miamba ya volkano yenye madini mengi yaitwayo floraidi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaundwa ndani ya taya, yaani tangu azaliwe hadi afikie miaka minane hivi, huota meno ambayo tabaka lake gumu la nje halikukomaa sawasawa. Jino hilo linapochomoza huwa na weupe wa chaki, na ukahawia huja baadaye, tabaka lile linapofyonza rangi kupitia vitundu vyake. Ndiyo maana mtu aliyehamia Usa River akiwa mtu mzima anaweza kunywa maji yale yale miaka nenda miaka rudi na meno yake yakabaki kama alivyokuja nayo, huku wanawe waliozaliwa hapo wakiwa na meno kama yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuvumilia hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa katika sehemu nyingi hapakuwa na maji mengine ya kuwapa watu, kisha ikashusha hadi 4, na kiwango cha taifa sasa ni hicho hicho cha 1.5. Kuchemsha hakuondoi kitu, maana kinachopaa ni mvuke na floraidi hubaki sufuriani. Kinachosaidia ni kubadili chanzo cha maji, kukinga maji ya mvua, au kutumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanya kwa miaka mingi. Yapo pia magadi, ambayo wengi hawayahesabu: yale tunayotia kwenye makande na kiburu cha ndizi ili maharage yalainike haraka huwa yamebeba floraidi nyingi, na mtoto wa Kilimanjaro au wa Meru huila kwa kijiko hata kama maji ya nyumbani kwao ni mazuri.

Kwa macho ya kawaida mtu anaweza kubahatisha tofauti. Madoa ya floraidi huja kwa jozi, jino la kushoto likifanana na mwenzake wa kulia, na ukiligusa kwa kucha mara nyingi ni gumu. Kuoza hakuna ulinganifu huo. Huanzia jino moja, aghalabu kwenye mifereji ya gego au katikati ya meno mawili yanayogusana, na pale palipooza huwa palaini. Tatizo ni kwamba jino lililochimbika vishimo kwa floraidi hushika mabaki ya chakula, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na yote mawili kwenye jino moja asijue, akiendelea kujiambia kwamba ni yale yale maji tu. Hilo linahitaji kioo na taa ya daktari.

Kuna wazazi hapa mjini ambao, baada ya kusikia kwamba floraidi ndiyo iliyotuharibu, wameacha kuwanunulia watoto dawa ya meno yenye floraidi. Ninaielewa hofu yao, ingawa sikubaliani nao. Iliyotudhuru ni floraidi tuliyoimeza kila siku utotoni. Ile ya dawa ya meno hufanya kazi juu ya jino, hulisaidia kustahimili tindikali inayotengenezwa na bakteria tukila sukari, kisha hutemwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu inatosha kupaka kiasi cha punje ya mchele, na kuanzia mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, mzazi akiwa amesimama hapo hapo kuhakikisha anatema. Mtu mzima ambaye meno yake yamekwisha kuundwa hawezi kupata madoa hayo kwa kupiga mswaki, hata akitaka.

Sasa nije kwenye kiti chenyewe. Mama yangu mdogo anaishi Ngarenanyuki, na kwa muda mrefu alikuwa na gego la chini lililokuwa likimsumbua na kutulia. Aliweka karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akaweka kidonge cha asprini juu ya ufizi mpaka ufizi ukababuka, na shavu lilipovimba akanunua vidonge vya amoksilini katika duka la dawa. Uvimbe ulishuka, kama unavyoshuka mara nyingi, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza bakteria walioenea, lakini haiwezi kufika ndani ya jino lililokwisha kufa wanakotokea. Kwa hiyo wakarudi. Nilipomshauri aje mjini aliniuliza maswali mengi kuhusu macho, maana alikuwa na hakika kwamba kung'oa jino huua macho. Mishipa ya fahamu ya meno haihusiani na ile ya kuonea, na nilimweleza hivyo, ila sidhani kama maelezo yangu ndiyo yaliyomleta. Yaliyomleta ni kukosa usingizi.

Daktari alikuwa kijana mdogo. Alipomwona akaacha alichokuwa akiandika, akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Lakini usiniangalie meno, niangalie hili bovu tu."

"Mama, hayo mengine ni ya maji. Hata bibi yangu wa King'ori anayo, na ana miaka themanini anatafuna mahindi ya kuchoma."

Nilimwona mama mdogo akiteremsha ncha ya kitenge aliyokuwa ameishikilia mdomoni tangu tulipoingia. Kwa maoni yangu sentensi ile ilifanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote iliyotumika siku ile. Kisha daktari akamwonyesha kioo kidogo chenye mpini, akamwambia kwamba kwanza atatumia hicho tu, na kwamba akitaka daktari asitishe wakati wowote anyanyue mkono wa kushoto. Mama mdogo aliunyanyua kabla kioo hakijafika mdomoni. Daktari akasitisha kweli, akarudisha mkono wake, akasubiri. Mama mdogo alikuwa anajaribu kama ahadi ni ahadi, na alipoona ni ahadi akafungua kinywa.

Wengi wanaoogopa kiti hicho wana hadithi moja: sindano ilichomwa na haikushika, jino likang'olewa mtu akisikia kila kitu. Hadithi hiyo mara nyingi ni ya kweli. Dawa ya ganzi inahitaji mazingira ya kawaida ya mwili ili ipenye kwenye mshipa wa fahamu, na palipo na usaha pana tindikali, hivyo sehemu kubwa ya dawa hubaki nje ya mshipa bila kufanya kazi. Anayekwenda jino likiwa linauma kidogo tu kwa kawaida hupata ganzi kamili. Anayesubiri mpaka shavu livimbe huenda akapata nusu ya ganzi, akarudi kijijini kusimulia, na wote waliomsikiliza wakaamua kusubiri zaidi. Wapo hata wenye kumbukumbu za mbali zaidi ya hizo, za watoto wachanga waliokatwa fizi kwa kisu kwa madai ya kutolewa "meno ya plastiki", ilhali yaliyotolewa yalikuwa vichipukizi vya meno halisi. Katika familia yenye kumbukumbu kama hiyo, woga wa mtu kushikwa kinywani hauhitaji kuelezwa zaidi.

Yule kijana alilijua jambo la usaha, kwa hiyo alichoma nyuma kabisa ya taya, mbali na uvimbe, pale mshipa unapoingia kwenye mfupa, kisha akaweka sindano chini na kuzungumza naye kuhusu bei ya nyanya. Alimwonya mapema kwamba moyo unaweza kudunda kwa nguvu kwa dakika chache, kwa kuwa ganzi nyingi za meno huchanganywa na adrenalini ili zidumu mahali pake, na kwamba kudunda huko hupita. Ninaamini watu wengi waliowahi kusema "nilitaka kufa kwa sindano ya meno" hawakuambiwa neno hilo. Mdomo wa chini ulipokufa ganzi hadi kidevuni, akamgusagusa ufizi kwa chuma chenye ncha na kumuuliza anasikia nini. Ndipo akamwambia, "Utasikia ninasukuma, na utasikia mlio kama kijiti kinavunjika. Kusukumwa utakusikia, maumivu hapana. Ukisikia maumivu, mkono." Mkono haukunyanyuka tena. Gego lilitoka likiwa na mizizi yake miwili, na kwenye ncha ya mmoja lilikuwa na kifuko kidogo cha rangi ya kijivu, ambacho mama mdogo aliomba akione kwa karibu na kukitazama kwa chuki. Akapewa pamba ya kung'ata kwa nusu saa, akaambiwa asisukutue mpaka kesho yake ili damu iliyoganda isitoke, na asitafune chochote kabla ganzi haijaisha, asije akajing'ata shavu.

Malipo yalikuwa ya fedha taslimu. Kaya yake wakati huo ilikuwa na CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu sita, lakini hiyo ilifanya kazi katika vituo vya umma kwa kufuata rufaa kuanzia zahanati, nasi tulikuwa kwenye kliniki binafsi mjini. Kwenye kadi yangu ya bima hawezi kuwemo. Bima nyingi za waajiri humkubali mwenza na watoto, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya huwaongeza wazazi ndani ya idadi ya wategemezi wanne, ila mama mdogo, hata kama ndiye aliyekulea, haingii. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia kila mkazi awe na bima ya afya, na ninaitamani zaidi kwa ajili ya watu kama yeye kuliko kwa ajili yangu.

Mwenye bima naye asijidanganye kwamba kadi ni kadi. Bima binafsi nyingi huyatenga meno, zikayawekea kikomo chake cha mwaka ambacho ni kidogo mno ukilinganisha na cha kulazwa, na ndani ya kikomo hicho kung'oa na kuziba hupita kwa urahisi, tiba ya mzizi wa jino huhitaji kibali kabla ya kuanza, na nyaya za kunyoosha meno hazimo. Kinachoniuma mimi ni kipengele cha urembo. Nilipoomba kufunikiwa meno mawili ya mbele, kampuni ilijibu kwamba kubadili rangi ya meno ni urembo na hawalipii. Lakini mojawapo ya meno hayo lilikuwa limeanza kuoza ndani ya vishimo vyake, na daktari alipoandika kuziba, walilipa bila swali, ingawa vifaa vilivyotumika ni vile vile na mikono ni ile ile. Sikubaliani kabisa na hoja kwamba ulemavu wa jino uliosababishwa na maji ya bomba la kijiji ni jambo la urembo, kama vile nimeamka asubuhi nikatamani tabasamu la mcheza filamu. Hata hivyo mkataba umeandikwa hivyo, na daktari mwaminifu hataandika kuoza mahali ambapo hapajaoza. Kwa hiyo jino la pili nitalilipia mwenyewe kwa awamu.

Jambo moja linalofaa kufanywa na yeyote mwenye kadi ya aina hii ni kumpigia simu ofisa wa bima kazini au kwenye kampuni na kuuliza kikomo cha meno kimebaki shilingi ngapi, kliniki zipi za Arusha au Moshi zinapokea kadi hiyo kwa meno hasa, kwani nyingine huipokea kwa magonjwa mengine tu, na kama kusafisha ugaga, yaani uchafu unaoganda kwenye meno, kumo. Swali la mwisho lina maana kwa sababu ugaga ndio unaolegeza fizi na kutikisa meno ya watu wazima, na mswaki hauwezi kuung'oa ukishakuwa mgumu. Kiasi kisichotumika kwa kawaida hakihamishiwi mwaka unaofuata. Mwaka wetu wa bima unaisha Juni, kwa hiyo nimeshawawekea watoto miadi ya Mei, wakati hakuna hata mmoja wao anayeumwa.