Nilivyomtengeneza buibui wa barazani, na utando wake

Hapa Saint Paul, Minnesota, Marekani, Oktoba ikiingia tu nyumba za mtaa wetu huota mifupa. Unatoka asubuhi kwenda kazini, unakuta jirani kaketisha mzoga wa plastiki kwenye kiti chake cha bustani, tena kauvisha kofia. Miaka miwili ya mwanzo sisi tulikuwa tukizima taa ya barazani usiku wa tarehe 31, yaani Halloween, watoto wanapovaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, tunakaa kimya ndani kama mtu anayemkwepa mwenye duka la mkopo. Mwaka wa tatu binti yangu, wakati huo ana miaka 8, akagoma. Akataka na nyumba yetu igongwe hodi kama za wenzake.

Najua kuna atakayeuliza Mwislamu wa Tanga ana nini na Halloween. Mjadala huo tuliumaliza mezani, mimi na mama watoto, kwa masharti: hakuna mafuvu, hakuna makaburi, hakuna mashetani. Buibui ruhusa. Buibui kwetu ana heshima yake. Tumekua tunaambiwa tusimuue kwa ajili ya kile kisa cha pango la Thaur, alipotanda mlangoni Mtume akiwa ndani.

Nilianza kivivu. Nilinunua pakiti tatu za utando wa dukani, ule unaofanana na pamba ya mto, nikaunyoosha juu ya vichaka vya mbele ya nyumba. Ulionekana kama mtu kamwaga sufi. Ubaya wenyewe niliuona kesho yake asubuhi: shomoro kanasa, bawa moja limezongwa hadi shingoni, anapiga kelele. Ilinichukua kama robo saa kumnasua kwa mkasi wa kucha huku mama watoto kamshika kwa taulo. Nyuzi zile ni za poliesta, laini sana lakini hazikatiki, na ndege hazioni. Siku hiyo hiyo niliziondoa zote. Ukitaka kuzitumia, ziweke ndani ya nyumba, mbali na mishumaa maana zinashika moto haraka. Kwenye miti na vichaka usiweke kabisa.

Sasa, upande wa nyuma wa nyumba, kwenye taa ya mlango, alikuwepo buibui wa kweli. Wale wanaotanda duara huwa wakubwa mwisho wa kiangazi, na huyu alikuwa na tumbo la ukubwa wa punje ya hindi. Nilibeba kiti nikakaa kumtazama jioni mbili mfululizo. Kama kuna kitu kimoja kilichookoa kazi yangu, ni zile jioni mbili.

Hatandi ovyo. Kwanza anaachia uzi mmoja upeperushwe na upepo mpaka unase upande wa pili; hilo ndilo daraja lake. Anashusha mwingine kutoka katikati, inatokea alama kama ya herufi Y. Kisha fremu, kisha nyuzi za kutoka kitovuni kwenda pembeni, kama njiti za baiskeli. Baada ya hapo anazunguka kutoka katikati kwenda nje, mizunguko ya mbali mbali, na huo uzi hauna ulimbo, ni kama jukwaa la fundi tu. Akifika nje anageuza, anarudi ndani akiweka uzi wenye ulimbo, mizunguko ya karibu karibu, huku akiula ule wa kwanza. Mwishoni anakaa kitovuni kichwa chini. Binti yangu alikuwa kaninyamazia muda wote, halafu akasema, "Baba, hajapima hata mara moja."

Nikanunua kamba nyembamba ya pamba, nyeupe, na nikatanda kwa mpangilio ule ule kati ya nguzo mbili za baraza na ngazi. Mambo mawili ndiyo yaliyoufanya ukubalike machoni. La kwanza, kitovu usikiweke katikati kabisa. Cha buibui wangu kilikuwa kimepanda juu kidogo, na sehemu ya chini ilikuwa kubwa zaidi. La pili, njiti zikazwe mpaka zilie ukizigusa, lakini ile ya mzunguko iachiwe ilegee kidogo kati ya njiti na njiti, ibonyee. Ukiikaza nayo unapata wavu wa goli. Nilikuwa na njiti 14 na mizunguko 9, yaani makutano 126, na karibu mita 65 za kamba. Matundu yake ni makubwa, ndege anapita bila shida.

Makutano niliyabandika kwa gundi ya moto, nikajiona mjanja. Usiku wa pili baridi ilishuka chini ya sifuri, gundi ikakakamaa, asubuhi nusu ya utando unaning'inia. Gundi ile baridi haiiwezi. Nikarudi kufunga fundo moja moja kwa uzi wa kushonea, jioni nzima, nimevaa glavu zilizokatwa vidole.

Mwili wa buibui ulinipa aibu kubwa zaidi. Nilijaza mfuko wa taka kwa povu la kopo, lile la kuzibia nyufa za madirisha, nikitegemea livimbe ligande liwe tumbo. Povu lile hugandishwa na unyevu wa hewa, na ndani ya mfuko uliofungwa hewa haiingii. Juu likakauka, katikati likabaki uji. Siku ya tatu nilipolibinya lilipasuka likanimwagikia viganjani, na halitoki kwa sabuni. Nilienda kazini wiki nzima na mikono kama ya mtu anayebanduka ngozi.

Nikarudia kwa njia ya kwetu: magazeti. Nilifinyanga mipira miwili, mkubwa wa tumbo na mdogo wa mbele, nikaizungushia selotepu ya karatasi mpaka ikawa migumu. Miguu ni yale mabomba ya sponji nyeusi yanayovishwa kwenye mabomba ya maji ya moto. Unapitisha waya mnene ndani, unakunja. Kunja mara moja kwenda juu karibu na mwili, kisha chini, kisha nje kidogo kwenye ncha. Ukikunja mara moja tu unapata meza. Nilikuwa nimeshaichomeka miguu minne kwenye tumbo binti yangu alipopita. "Baba, miguu haitoki tumboni. Yote minane inatoka mbele." Nikatazama picha niliyompiga yule wa nyuma ya nyumba. Kweli. Nikaichomoa, nikafunika matundu kwa selotepu. Macho niliweka manane, mapambo ya Krismasi meusi yanayong'aa, mawili ya katikati makubwa.

Ngozi ndiyo ilinisumbua. Rangi ya kupuliza ilionyesha kila mkunjo wa selotepu. Nikakumbuka kwamba mama, alipokuja kututembelea, aliacha buibui lake la zamani, limechakaa, limepauka mabegani. Kitambaa chepesi, cheusi, chenye mng'ao kidogo. Nililivisha tumboni, nikalikusanya kwa chini, nikashona. Likakaa kana kwamba lilishonewa yeye.

Kwa matando ya pembeni, yale makuukuu ya ghalani, wapambaji wa hapa wana siri yao: wavu wa pamba ulio kama soksi ndefu, ambao viwanda vya nyama huvisha mapande ya ng'ombe. Unauchana, unautoboa kwa mkasi hapa na pale, unauvuta, na kila tundu linajipanua lenyewe. Nusu niliuchemsha kwa majani ya chai, bila maziwa bila shaka, ukatoka rangi ya vumbi la miaka. Nusu nyingine niliufua kwa sabuni ya unga ya kawaida, kwa sababu sabuni hizo zina kemikali ya kung'arisha nguo, nayo inawaka chini ya taa ya zambarau, ile ya mionzi ya urujuanimno. Huo ndio uliowaka usiku, buluu nyeupe. Wa chai haukuwaka kabisa, ukabaki kama kivuli nyuma yake.

Tarehe 31 watoto walikuja kama sitini, kina malaika na chui, karibu wote wamevaa mavazi yao juu ya makoti. Jirani mzee wa ng'ambo ya barabara alisimama nami kidogo akanisimulia, kama anavyosimulia kila mwaka, dhoruba ya Halloween ya 1991, theluji ilipoanguka karibu sentimita 72 kwa siku chache. Kuna mtoto wa miaka minne hivi aliyegoma kupita chini ya utando. Nilimpelekea peremende zake barabarani.

Nilimpigia mama kwa video, kwake kumekucha, nikageuza simu aone. Akaangalia kimya. Akasogeza uso kwenye kioo.

"Mwanangu, hilo si buibui langu?"

"Sasa si hilo tena, mama. Ni huyo."

Alicheka mpaka akaweka simu chini, nikawa naona dari tu. Aliporudi alikuwa anafuta macho.

"Haya. Huyo akimaliza shughuli yake, mvue, ulifue, unirudishie."