Efraimu walipokasirika mara mbili

Somo: Waamuzi 8:1–3 na 12:1–6

Wapendwa katika Bwana,

Efraimu lilikuwa kabila kubwa, na lilijijua. Mara mbili katika kitabu cha Waamuzi linamwendea kiongozi kwa hasira, na lalamiko ni lile lile: kwa nini mlikwenda vitani bila kutuita?

Gideoni waliteta naye vikali. Alikuwa na la kujibu, maana ni yeye aliyeizunguka kambi ya Midiani usiku akiwa na watu 300 tu. Akaliacha. Akawauliza yeye amefanya nini cha kulinganishwa na kazi yao, kwani Mungu aliwatia mikononi mwao Orebu na Zeebu, wakuu wa Midiani. Masazo ya zabibu za Efraimu, akasema, yanapita mavuno yote ya Abiezeri, ukoo wake mwenyewe. Hasira yao ikatulia. Wala hakuwadanganya, wakuu wale waliuawa kweli na Waefraimu. Alichagua kusema ukweli uliowapa wao heshima, ule uliompa yeye akaumeza.

Kwa Yeftha walikuja na tisho la kumchomea nyumba juu ya kichwa chake. Akawajibu kwamba aliwaita na hawakuja, akaingia vitani kwa kuhatarisha roho yake. Huenda alikuwa na haki kabisa. Ila Waefraimu wakawatukana watu wa Gileadi kuwa ni wakimbizi, vita ikawaka, na kwenye vivuko vya Yordani kila aliyeshindwa kutamka neno kama Wagileadi wanavyolitamka akachinjwa. Walikufa Waefraimu 42,000, wote wana wa Israeli.

Kinachoniumiza ni sura ya 11. Yeftha huyu huyu aliwatuma wajumbe kwa mfalme wa Amoni mara mbili, akamweleza kwa utulivu habari za ardhi ile tangu siku za Musa. Adui alipata wajumbe na maelezo marefu. Ndugu walipata jibu moja, kisha upanga. Mimi naona kidonda cha ujana wake hapo, kwa kuwa nduguze walimfukuza nyumbani kwa sababu ya mama yake. Maandiko hayasemi hivyo waziwazi, lakini wengi wetu tunajua jinsi neno la ndugu linavyochoma kuliko la mtu baki.

Nikisoma habari hizi nawaza Zanzibar. Januari 2001 damu ilimwagika Unguja na Pemba katika maandamano baada ya uchaguzi, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka ukasainiwa, uhasama ukabaki. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa upinzani, wakakutana Ikulu. Siku chache baadaye Maalim Seif akasimama Kibandamaiti mbele ya watu wake akatamka kwamba anamtambua Karume kuwa rais, jambo alilolikataa kwa miaka. Wapo waliomkasirikia pale pale. Karume naye alikuwa na wahafidhina katika chama chake. Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ukapita kwa amani ingawa matokeo yalikaribiana mno.

Haikudumu, najua. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa, na 2020 damu ikamwagika tena. Hata hivyo Desemba ya mwaka huo Maalim Seif, akiwa na umri wa miaka 77, alikubali kurudi serikalini chini ya Rais Hussein Mwinyi. Alifariki Februari 2021. Sidhani kuwa mtu wa umri ule alirudi kwa tamaa ya cheo.

Lakini tusome sura ya 8 hadi mwisho. Gideoni aliyewabembeleza Efraimu ndiye aliyewachapa wazee wa Sukothi kwa miiba na kuubomoa mnara wa Penueli, akawaua watu wa mji ule, kwa kuwa walimnyima mikate. Efraimu lilikuwa na nguvu. Sukothi ulikuwa mji mdogo. Kwa hiyo wiki hii, tunapowaombea viongozi wanaokaa mezani kupatana, tuwaombee pia waliozika watu wao Januari 2001 na Oktoba 2020, wala hawakuitwa kwenye meza yoyote.