Weusi ule si masizi

Juzi nipo gereji moja hapa Mwanakwerekwe, fundi kafungua nozeli ya gari ya dizeli (kile kinachorusha mafuta ndani ya injini), kaitoa sindano yake, kaiona nyeusi inang'aa, basi anataka msasa aondoe masizi. Yakhe ngoja! Ule weusi umewekwa kiwandani, unaitwa DLC, ni kaboni iliyopangika nusu kama almasi nusu kama grafaiti, na unene wake mara nyingi ni maikromita 1 hadi 5 tu, wakati unywele una kama 70. Na sindano yenyewe na nyumba yake zimeachana kwa maikromita chache, kwa hiyo msasa hapo haufai hata kama utando huo mweusi usingekuwepo.

Sasa kwa nini waitie? Kwenye nozeli hakuna oili, kinacholainisha ni dizeli yenyewe, na dizeli ya siku hizi iliyosafishwa salfa ulaini wake umepungua mpaka wasambazaji wa mafuta huongeza dawa. Hapo ndo DLC inasaidia, chuma kisishikane na chuma. Chuma kikavu kwa chuma msuguano wake (nguvu ya kukiburuta ukigawa kwa nguvu inayokikandamiza) unaweza kufika 0.6 na zaidi, DLC kwenye hewa ya kawaida unaikuta baina ya 0.05 na 0.2. Vyuma vya ndani ya injini, penye oili, navyo hutiwa DLC, ila injini ikiwa moto na oili imejaa, vyuma vinaelea juu ya oili havigusani, kwa hiyo faida yake utaiona zaidi unapowasha na kwenye vitu kama kamshafti (mhimili unaofungua vali) ambavyo oili inabanwa mpaka inakuwa nyembamba mno.

Kitu kinachonifurahisha mie ni unyevu. DLC yenye haidrojeni nyingi kwenye naitrojeni kavu inateleza ajabu, maabara ya Argonne kule Marekani walipata msuguano chini ya 0.01, lakini ilete kwenye hewa yenye unyevu kama hii yetu ya masika msuguano unapanda. Ile isokuwa na haidrojeni kinyume chake kabisa, inataka unyevu, ukiikausha inakwaruza vibaya. Kwa hiyo mtu akikwambia "DLC ina msuguano kadhaa" muulize ipi, na wapi.

Na oili nayo usichukue yoyote tu. Kuna dawa ya molibdenamu, MoDTC, wanatia kwenye oili kupunguza msuguano, kwa chuma ni nzuri sana, lakini DLC yenye haidrojeni ikisuguana na chuma ndani ya oili hiyo majaribio yameonesha inalika haraka. Fuata kitabu cha gari, sio maneno ya muuza duka.

Halafu hivi vichupa vyenye picha ya almasi eti ukimimina kwenye injini inapata DLC, hapana bwana. DLC inapandishwa kwa plazima (gesi iliyochajiwa umeme) ndani ya chemba iliyonyonywa hewa, tena chini wanaweka kwanza kromu au kitu kama hicho ili isibanduke. Humo kwenye kichupa sijui mna nini ila DLC haimo.