Nembo ya RS200

Jana mwanangu alikuwa anatafuta bisibisi kwenye kopo langu la boliti, akaibuka na kile kipande cha plastiki: RS200. "Baba, hii ya gari gani?"

Toyota Altezza yangu mnaijua. Hamjui tu ilivyonunuliwa.

Ilikuwa 2017, kwenye uwanja mmoja wa magari Pasiansi, Mwanza, jua la saa saba. Nilikuwa na mjomba, yule wa gereji ya Nyakato, na tangu asubuhi tulishakataa mawili. Subaru Impreza ya tabo (turbo) ilikuwa inagonga kwa chini ukiachia mafuta. Hizo ni beringi za konrodi, ile mikono ya pistoni, na injini ya namna hiyo haijadiliwi bei. GX100, saluni ya Toyota, ilikuwa imetumika Japani upande wa theluji, wanakomwaga chumvi barabarani. Juu inang'aa, chini kutu limekula kingo mpaka kidole kinapita.

Ndipo dalali akatuonyesha Altezza ya fedha, manyo (gia za mkono), gia sita. "RS200 hii bosi, farasi 210. Milioni kumi na moja." Mimi nilikuwa nimeshainunua moyoni. Gia sita niliziona kwenye kirungu, nembo niliiona nyuma, ushahidi gani tena?

Mjomba hakujibu. Gari lilikuwa kivulini; aliweka kiganja juu ya boneti kwanza. Baridi. Gari likipashwa moto kabla hujafika, huoni linavyowaka asubuhi wala moshi wake wa kwanza. Akatoa sumaku aliyoifunga kitambaa, akaipitisha ubavuni taratibu. Juu ya tairi la nyuma kushoto ikadondoka: puti, si bati. Akapapasa tairi za mbele kwa ndani, zimelika upande mmoja, akasema "bushi", zile raba za miguu ya gari, kama anayejisemea.

Kisha akafungua boneti, na injini hata hakuitazama. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaanza kusugua kibati cha kiwandani chenye namba za modeli na injini. Vumbi la Mwanza likichanganyika na oili linakuwa kama lami. Nilisimama begani kwake nikisoma herufi zinavyotoka moja moja. Nilikuwa nasubiri S. Ikatoka G. Nikajiambia labda ni uchafu. Ikafuata X, ikafuata E, halafu 10. Mstari wa injini: 1G-FE, 1988 cc.

"Soma kwa sauti," mjomba akasema.

Nikasoma. RS200 ni SXE10, injini 3S-GE, 1998 cc, silinda nne. Hii ilikuwa AS200, toleo jingine la Altezza, farasi 160, silinda sita. Akabandua kifuniko cha plastiki, "Haya, hesabu koili za cheche, kila silinda na yake." Nikahesabu kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Sita. Na zile gia sita? AS200 nayo ilitoka na giaboksi ile ile, J160. Kirungu kilikuwa hakithibitishi chochote.

Dalali akawa anaangalia barabara ya uwanja wa ndege kana kwamba anasubiri mgeni.

Nilitaka tuondoke. Mjomba akanivuta pembeni. "Wewe si unataka gari la kuchezea? Hii 1G ndiyo iliyomo kwenye GX100 na GX110 za mji mzima. Gasketi, pampu, sensa, unapata kabla ya chai kupoa. Ile 3S ya RS ina valvu za titani, ikizipinda utazitafuta kwa nani hapa? Kompresheni yake, yaani inavyobana hewa, ni 11.5 kwa 1, ukitaka tabo lazima uishushe kwanza. Hii ni 10." Akanyamaza kidogo. "Ila tabo ukiweka, giaboksi ndiyo itakayolia kwanza. Hapo hakuna cha RS wala AS."

Tulilipa milioni nane na laki saba. Dalali aliingiza ukucha chini ya nembo, ikabanduka bila shida, gundi bado mbichi. "Basi bosi, hii chukua bure."

Wiki hiyo hiyo taimingi belti, tensheni na pampu ya maji, maana kilomita za kwenye dashibodi nani aziamini. Bushi za mbele zote. Springi fupi na shokapu zake, kwa sababu springi za kukata zinatoboa shokapu. Ekzosti, ambayo iliongeza kelele kuliko nguvu. Tabo bado. Nikipanda Bugando gia ya nne inachoka, narudi ya tatu, na hapo huwa nazikumbuka zile farasi 50 zilizokosekana. Siku nyingine gari liko gereji, spea imepatikana mtaa wa pili kwa bei ya kawaida, nakumbuka kibati kile na kumshukuru mjomba. Inategemea siku.

Mwanangu, baada ya kusikia yote haya, akauliza kwa nini nisiibandike tena nyuma.

Nimemwambia gundi imekwisha.