Siku moja na mayai ya minyoo wa mbwa

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai nakagua sanduku la safari: mifuko midogo, vijiko vya plastiki, glavu, na kalamu ya wino usiofutika. Kalamu ndiyo ninayoihakikisha mara mbili. Kinyesi kisichoandikwa kimetoka kwa mbwa yupi na saa ngapi hakinisaidii kitu.

Mnyoo ninayemfuatilia anaitwa Toxocara canis. Ni mnyoo mviringo anayeishi kwenye utumbo mwembamba wa mbwa. Jike aliyekomaa anaweza kufika sentimita 18, na kwa siku moja hutaga mayai makumi ya maelfu. Kazi yangu ni kujua mayai hayo yanakwenda wapi, yanakaa huko muda gani, na yanamfikia nani.

Saa 2. Nyumba ya kwanza ina mbwa jike mwenye watoto sita, wiki ya nne tangu kuzaliwa. Nimeongozana na daktari wa mifugo. Bibi mwenye nyumba anamshika mama yao ili tuweze kuwakaribia wadogo. Namwinua mmoja: mbavu zinahesabika, lakini tumbo limetuna na kukaza kama ngoma. Pembeni ya matandiko kuna mnyoo aliyetoka na kinyesi, mweupe kama maziwa, amejikunja mfano wa springi, bado anajinyonganyonga.

“Mwanangu, hawa hawajavuka hata uzio. Hiyo minyoo wameitoa wapi?”

“Kwa mama yao, bibi. Tena kabla hawajazaliwa.”

Anamtazama yule jike, mnene, manyoya yanang’aa. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na siwalaumu. Mbwa mkubwa anapomeza mayai yaliyoiva, lava wengi, yaani minyoo wachanga wanaotoka kwenye yai, hawakomai tumboni mwake. Hujificha kwenye misuli na viungo vingine, wakalala humo miezi na hata miaka. Mimba ikifika siku ya 42 hivi, wanaamka, wanavuka kondo la nyuma na kuingia kwa watoto. Wengine hupitia kwenye maziwa. Mtoto wa mbwa wa wiki tatu anaweza tayari kuwa anatoa mayai. Dawa za kawaida za minyoo husafisha utumbo, lakini haziwafikii vizuri wale waliolala kwenye misuli. Ndiyo maana jike aliyepewa dawa mwaka jana anaweza kuzaa watoto wenye minyoo mwaka huu. Na tukiwa tunaongea, mama yao anawalamba matakoni kuwasafisha, akimeza minyoo wachanga waliotoka nao.

Bibi ananyamaza kidogo. “Lakini mjukuu wangu alipimwa choo juzi, wakasema hana minyoo.”

“Walisema kweli, bibi. Ila mnyoo huyu haonekani kwenye choo cha mtu.”

Namweleza taratibu. Mtoto akila udongo wenye mayai yaliyoiva, lava huanguliwa tumboni, hutoboa utumbo na kusafiri kwenye ini, mapafu, wakati mwingine jicho au ubongo. Ndani ya binadamu hakomai, hivyo hatagi. Anayemtafuta hupima kingamwili kwenye damu, na huangalia kama chembe nyeupe aina ya eosinofili zimepanda. Wengi wanaoambukizwa hawaumwi kabisa. Bibi anauliza kama mtoto ana homa ndiyo yenyewe; namwambia homa ina sababu nyingi, amweleze daktari wa watoto kwamba nyumbani kuna watoto wa mbwa. Ni taarifa ambayo daktari huenda asiiulize.

Saa 5. Maabara. Gramu 4 za kinyesi, mililita 56 za maji yaliyokolezwa chumvi. Nakoroga, nachuja, najaza vyumba viwili vya kioo cha kuhesabia, nasubiri dakika tano. Maji ya chumvi ni mazito kuliko yai, kwa hiyo yai huelea na takataka huzama. Kila ninaloliona nalizidisha mara 50 kupata idadi kwa gramu moja.

Napenda sana dakika hii. Yai ni la duara, kahawia iliyoiva, kipenyo chake karibu sehemu 80 kati ya sehemu elfu moja za milimita. Ganda lake nene limejaa vishimo vidogo kama mpira wa gofu. Kwenye sampuli ya watoto yamejaa kila mstari, nahesabu kwa kidole kwenye mashine hadi jicho linauma. Kwenye sampuli ya mama yapo machache mno, na hayo siyaandiki haraka: mbwa hula kinyesi, na yai linaweza kupita tumboni mwake bila yeye kuwa na mnyoo. Nitarudi kuchukua sampuli nyingine baada ya siku kadhaa.

Saa 8 mchana. Udongo. Nimechukua sentimita 3 za juu penye kivuli ambapo watoto wa mbwa hulala, kando ya mlango, na pale mjukuu anapochezea. Sehemu hiyo ya mwisho inaonekana safi kabisa, na ndiyo inayonitia wasiwasi. Kinyesi kibichi hakiambukizi. Yai likitoka halina lava. Linahitaji joto, unyevu na wiki mbili hadi nne, au zaidi pakiwa na baridi. Kufikia hapo kinyesi kimeshakanyagwa, kimenyeshewa, kimepotea machoni. Yai limebaki, na linaweza kudumu miaka. Naosha udongo kwa sabuni ya Tween 80, maana yai lina utando unaonata kwenye chembe za mchanga, kisha nachekecha, nazungusha kwenye mashine, naelesha.

Saa 10. Nafungua bakuli la mayai niliyoyaweka kwenye kabati la joto siku 20 zilizopita. Yamekua ndani ya formalini hafifu, dawa ile ile inayotumika kuhifadhia mizoga. Nikiwasha taa ya hadubini, baada ya sekunde chache lava anaanza kujipinda ndani ya ganda, mkia ukipita chini ya kichwa. Dawa za kawaida za kusafishia sakafu hazimuui. Joto kali ndilo linalomuua.

Nikimwangalia huwa namkumbuka Helenor Wilder wa Marekani. Mwaka 1950 alichunguza macho 46 ya watoto yaliyokuwa yameondolewa, mengi kwa kudhaniwa yana saratani, akakuta lava au mabaki yake katika macho 24. Baadaye lava waliochunguzwa upya walitambuliwa kuwa wa Toxocara. Watoto walipoteza jicho kwa sababu hakuna aliyekuwa anamjua kiumbe huyu.

Saa 12 jioni. Nampigia bibi. Watoto wa mbwa wamepata dozi ya kwanza leo. Ingefaa waanze wakiwa na wiki mbili. Namwambia warudie kila baada ya wiki mbili hadi waache kunyonya, na kinyesi kizolewe kila siku kabla hakijafikisha umri wa hatari. Ananiomba nitaje tarehe polepole, anaandika. Nasikia karatasi ikigeuzwa.

“Na mama yao?”

“Tarehe hizo hizo, bibi. Pamoja nao.”