Hewa Ndani ya Kasha la Kompyuta

Kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe ilikuwa ikinguruma muda wote, na kuzidi kila nilipofungua hata programu ndogo, nami nikazilaumu feni, ingawa kosa lilikuwa langu: zote tatu nilikuwa nimezifunga zikitoa hewa nje, kwa hiyo kasha lilivuta vumbi kupitia kila upenyo. Niligeuza mbili za mbele ziingize hewa kupitia kichujio, nikaiacha ya nyuma itoe.

Kudhibiti kasi ndiko kulikonichukua jioni nzima. Feni ya pini nne huongozwa kwa mawimbi ya PWM, yaani mapigo ya umeme ya kuwasha na kuzima haraka, yanayopita kwenye pini ya nne, ilhali ya pini tatu hupunguzwa kasi kwa kushushiwa volti kutoka 12. Feni zangu za mbele ni za pini tatu, lakini mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ilikuwa imewekwa katika hali ya PWM, ndiyo maana zilizunguka kwa kasi kamili muda wote. Baada ya kusahihisha hilo katika BIOS, programu ya mipangilio ya mazabodi, niliongeza ucheleweshaji wa sekunde chache kabla feni hazijabadili kasi, kwa kuwa joto la prosesa huruka na kushuka kabla hewa ya kashani haijabadilika. Sasa ninaisikia kibodi yangu, ambayo, kusema kweli, nayo ina kelele.