Ninavyosomesha ramani ya hali ya hewa Mombasa

Mistari ya rangi, ile ya buluu yenye pembetatu na myekundu yenye nusu duara, mimi huiacha mwisho. Mwanzo ni penseli, kifutio na karatasi yenye vituo kumi na tano hivi, kila kimoja kimeandikiwa mgandamizo wake wa hewa. Kazi ni kuchora isobari, yaani mistari inayopita mahali penye mgandamizo sawa, kila baada ya hektopaskali 4 (kipimo cha mgandamizo): 1008, 1012, 1016.

Wengi hukwama hapo, kwa kuwa huunga kituo kwa kituo. Mstari wa 1012 haupiti kituoni ila kiwe kimesoma 1012 hasa. Baina ya 1011 na 1015 hupita robo ya njia kutoka 1011. Mistari miwili ikikatana, futa: mahali pamoja hapawi na migandamizo miwili kwa wakati mmoja.

Kwenye ramani halisi mgandamizo wa kituo huandikwa tarakimu tatu za mwisho tu, bila nukta. 132 ni 1013.2, 987 ni 998.7. Saa nazo ni za UTC, saa za pamoja za dunia, kwa hiyo ongeza tatu: 1200 ni saa tisa alasiri kwetu.

Sasa ndiyo ile mistari ya rangi, yaani mipaka ya hewa, pale hewa baridi na hewa ya joto zinapokutana. Natumia ramani ya Afrika Kusini ya Julai, kwani Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta na mipaka hiyo haifiki. Mpaka wa baridi, ule wa buluu ambapo hewa baridi inasonga mbele, ukipita Cape Town, upepo wa kaskazini-magharibi hugeuka ukawa wa kusini-magharibi, mgandamizo uliokuwa ukishuka hupanda, na joto hupungua. Pembetatu zaonyesha unakoelekea. Tahadhari na mifano ya Ulaya: kule upepo huzunguka mgandamizo mdogo kinyume cha mshale wa saa, huku kusini hufuata mshale. Asiyeambiwa hili hugeuza mishale yote.

Kwetu la kuuliza ni kusi au kaskazi. Pepo hizo zinapokutana mtoto hutamani kuchora mpaka wa baridi. Asichore: hewa ya pande zote mbili ni ya joto, na mvua huletwa na hewa kukutana ikapanda juu.

Barometa ya darasani isomwe saa ile ile kila siku. Huku ikweta mgandamizo hupanda hadi karibu saa nne asubuhi, ukashuka hadi karibu saa kumi alasiri, hata mbingu ikiwa nyeupe. Linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana.